Kujiandaa kwa vizuizi vya vepu: uweke akiba ya vimiminika, ya nikotini ya kuchanganyia, au uachane nayo kabisa?

Serikali inapoanza kuzungumzia vizuizi vya sigara za kielektroniki, ambazo wengi wetu huziita vepu, watu hukimbilia madukani kununua kwa pupa, na majuto huja baadaye. Mtu hujaza kabati chupa za ladha anayoipenda leo, akasahau kwamba betri yake imekwisha kuchoka, au akanunua podi mia moja, yaani vikasha vidogo vya kimiminika vya kuchomekwa, za kifaa ambacho kikiharibika hakuna kingine kitakachozipokea. Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mtu mzima aliyeacha sigara ya kuwasha kwa msaada wa vepu, na ambaye anahofu kwamba siku bidhaa hizi zitakapoadimika atajikuta amerudi kwenye pakiti. Hofu hiyo ninaijua, kwa sababu mimi mwenyewe nilivuta sigara kwa miaka mingi kabla ya kuacha kwa njia hii. Asiyevuta kitu chochote hana sababu ya kuanza, kwa kuwa vepu si kitu kisicho na madhara. Ila kwa mvutaji wa sigara ina madhara madogo kuliko moshi wa tumbaku inayoungua.

Zipo njia tatu za kweli za kujiandaa. Ya kwanza ni kuweka akiba ya vimiminika vilivyo tayari, ya pili ni kuweka akiba ya nikotini ya kuchanganyia na kutengeneza kimiminika mwenyewe, na ya tatu ni kuitumia nafasi iliyobaki kujiondoa kwenye nikotini kabla sheria haijakuondoa kwa nguvu. Njia ya nne, yaani kungoja na kutegemea magendo, nitaigusa kwa sababu watu wengi huishia huko bila kuichagua. Msimamo wangu ni kwamba, pale sheria inaporuhusu, njia ya pili ndiyo imara kuliko zote kwa mtu makini asiyeishi na watoto wadogo, na njia ya tatu ndiyo bora kwa karibu kila mtu mwingine. Akiba ya vimiminika vilivyo tayari, ambayo wengi huifikiria kwanza, inafaa kwa kipindi kifupi tu.

Kizuizi unachokitarajia ni kipi?

Neno "kizuizi" limebeba mambo mengi yasiyofanana, na maandalizi yanayofaa kwa moja hayafai kwa jingine. Kilicho chepesi zaidi ni kizuizi cha vipimo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo lake la mwaka 2014 lililoanza kutumika kwa bidhaa hizi Mei 2016, uliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa kila mililita ya kimiminika, chupa za kujazia zisizozidi mililita 10, na tangi zisizozidi mililita 2. Vepu haikutoweka. Kwa kuwa agizo lilihusu vimiminika vyenye nikotini, watengenezaji walianza kuuza chupa kubwa zisizo na nikotini zilizoachiwa nafasi juu, na mnunuzi akawa anamimina humo chupa ndogo ya nikotini na kutikisa. Kilichopotea kwenye maduka ya kawaida ni nikotini kali ya kuchanganyia, ile ya miligramu 72 au 100 kwa mililita. Jambo hili ni muhimu kwa mtu anayepanga akiba, kwa sababu linaonyesha kwamba hata sheria ya kadiri, inayoacha maduka wazi, huanza kwa kugusa nikotini yenyewe.

Kizuizi cha ladha ni cha namna nyingine. Uholanzi, kuanzia tarehe 1 Januari 2024, iliruhusu kuuzwa ladha ya tumbaku pekee. Vizuizi vya vifaa vya kutumia mara moja na kutupa vilianza Ubelgiji tarehe 1 Januari 2025 na Uingereza tarehe 1 Juni 2025. Havimgusi kabisa mwenye kifaa cha kujaza, lakini humwacha mikono mitupu aliyezoea kununua kifaa kipya kila wiki. Marekani ilifunga mlango mwingine ambao wengi hawakuufikiria: sheria ya Desemba 2020 iliziingiza bidhaa hizi kwenye masharti ya usafirishaji wa sigara, na kuanzia Oktoba 2021 posta ya nchi hiyo ikakataa kuzipeleka kwa wanunuzi wa kawaida. Duka lilikuwepo na bidhaa ilikuwa halali, ila kifurushi hakikufika.

Australia ndiyo mfano wa kizuizi kilichokaza hatua kwa hatua. Kuagiza vifaa vya kutupa kulipigwa marufuku tarehe 1 Januari 2024, ruhusa ya mtu binafsi kujiagizia kutoka nje ikafungwa tarehe 1 Machi mwaka huohuo, na kuanzia tarehe 1 Julai bidhaa zote za vepu, ziwe na nikotini au zisiwe nayo, zikawa zinauzwa kwenye maduka ya dawa tu. Kisha kuna marufuku kamili. India, mwaka 2019, ilipiga marufuku utengenezaji, uagizaji, uuzaji, usambazaji na hata uhifadhi wa shehena, na Singapore tangu tarehe 1 Februari 2018 inahesabu kuwa kosa si kuuza tu bali pia kununua, kutumia na kumiliki.

Kwa hiyo swali la kwanza si "ninunue kiasi gani?" bali ni "sheria inayopendekezwa inagusa uuzaji, uagizaji, au umiliki?" Kama inagusa umiliki, akiba yoyote, hata iliyopangwa kwa ustadi wa namna gani, inageuka ushahidi dhidi ya aliyeiweka, na hapo njia ya tatu pekee ndiyo inayobaki. Isomwe rasimu yenyewe, hasa sehemu ya tafsiri ya maneno na sehemu ya makosa na adhabu, badala ya vichwa vya habari. Tena asijidanganye mtu kwamba siku zote utapewa miezi ya kujipanga: tarehe 24 Septemba 2019 gavana wa jimbo la Massachusetts alitangaza kusitishwa kwa uuzaji wa bidhaa zote za vepu kwa miezi minne, na amri ikaanza kutumika siku ileile.

Vimiminika vilivyo tayari dhidi ya nikotini ya kuchanganyia

Tuchukue mvutaji anayetumia mililita 5 kwa siku za kimiminika chenye miligramu 6 kwa mililita. Kwa mwaka anahitaji mililita 1,825. Zikiwa katika chupa za mililita 10, hizo ni chupa 183, na akitaka akiba ya miaka mitatu anazungumzia zaidi ya chupa 500. Nikotini iliyomo humo kwa siku ni miligramu 30, na kwa mwaka ni miligramu 10,950, kiasi kinachotoka kwenye mililita 110 tu za nikotini ya kuchanganyia yenye miligramu 100 kwa mililita. Maana yake ni kwamba chupa moja ya nusu lita inatosha zaidi ya miaka minne, nayo inakaa kwenye kona ya friza. Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea nukta.

Tofauti ya ujazo si ndiyo yote. Sehemu kubwa ya kimiminika chochote cha vepu ni propileni glaikoli na gliserini ya mboga, vitu vinavyotumika pia katika dawa, vyakula na vipodozi, kwa hiyo ni vigumu mno sheria ya vepu kuviondoa sokoni. Ladha nyingi ni zilezile za viwanda vya vyakula. Anayejaza kabati chupa zilizo tayari anahifadhi kwa gharama kubwa vitu ambavyo haviko hatarini, na nikotini ambayo ndiyo iliyo hatarini inakuwa imeyeyushwa kidogokidogo ndani yake, mahali ambapo ni vigumu kuikinga isiharibike.

Nayo huharibika kweli. Maadui wa nikotini ni hewa, mwanga na joto. Inapokutana na oksijeni hugeuka polepole kutoka kutokuwa na rangi, ikawa njano, kisha kahawia, na pamoja na rangi huja ukali wa koo wenye ladha ya pilipili. Chupa yangu ya kwanza ya akiba niliiacha kwenye rafu iliyo karibu na dirisha, nusu ikiwa tupu, na nilipoirudia baada ya majira ya joto ilikuwa imekolea kama chai iliyochemshwa mno. Nilivuta mara mbili nikakohoa, nikaitenga ya kutupa. Vimiminika vilivyo tayari vina udhaifu wa ziada, kwamba ladha nazo zina umri wake: zile za matunda machachu hufifia mapema, zenye vanila hukolea rangi, na tarehe za mwisho zinazoandikwa na watengenezaji kwa kawaida hazizidi mwaka mmoja au miwili.

Nikotini ya kuchanganyia, ikihifadhiwa vizuri, huvumilia miaka mingi. Utaratibu wake ni rahisi ila hautaki uzembe. Igawe katika chupa ndogo za kioo cheusi au cha kahawia, kwa sababu plastiki hupitisha oksijeni polepole. Jaza kila chupa karibu na shingo ili hewa iliyobaki juu iwe kidogo, funga kwa kifuniko chenye kizibo cha ndani, andika nguvu yake, kiyeyusho chake na tarehe, kisha iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Iliyoyeyushwa kwenye propileni glaikoli haitaganda huko, na iliyo kwenye gliserini itakuwa nzito kama asali. Unapoitoa, iache ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua ili unyevu wa hewa usiingie, na kama ni ya gliserini itikise kwa muda mrefu, maana nikotini isipochanganyika sawasawa tone moja laweza kuwa na nguvu kuliko jingine. Sababu ya kutumia chupa ndogo ni kwamba unafungua moja tu kwa wakati, nazo nyingine hazijui kama umefungua.

Kuchanganya kwenyewe si kazi ya mkemia. Kwa mililita 100 zenye miligramu 6, unaweka mililita 6 za nikotini ya miligramu 100, mililita 10 za ladha kama unatumia asilimia 10, na mililita 84 zinazobaki unazigawa kati ya propileni glaikoli na gliserini kwa uwiano unaoupenda. Mimi hupima kwa mizani ndogo ya gramu badala ya sindano, kwa kuwa gliserini hunata kwenye kuta za sindano na kukudanganya. Mililita moja ya gliserini ina uzito wa takriban gramu 1.26, na ya propileni glaikoli takriban gramu 1.04. Onyo moja ni la lazima. Ladha iliyotengenezwa kwa msingi wa mafuta, hata iandikwe kwamba ni ya asili, haifai kabisa kuvutwa, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mapafu yanaweza kusababisha nimonia ya mafuta. Pia epuka ladha za siagi na krimu zenye diasetili, kemikali iliyohusishwa na ugonjwa mbaya wa mapafu kwa wafanyakazi wa viwanda vya bisi.

Vimiminika vilivyo tayari vina faida yao, nami siidharau. Havihitaji ujuzi, havihitaji glavu, na kwa kizuizi kinachotarajiwa kuwa cha muda, au cha ladha fulani tu, akiba ya miezi mitatu hadi sita inamvusha mtu bila taabu. Nunua kwa kiasi hicho, weka mahali penye giza na ubaridi, tumia za zamani kwanza. Zaidi ya hapo unanunua vitu vitakavyozeeka kabla hujavifikia.

Mvutaji wa podi zenye chumvi ya nikotini, yaani nikotini iliyochanganywa na asidi, ana jambo la pekee la kufikiria. Nikotini ya kawaida katika nguvu ya miligramu 20 hukwaruza koo vibaya, wakati chumvi ya nikotini ya nguvu hiyohiyo hupita laini. Mtu huyu akihifadhi nikotini ya kawaida akidhani ataibadilisha siku ya siku, atashindwa ndani ya saa moja. Ahamie mapema kwenye kifaa chenye mvuke mwingi na nguvu ndogo, aone kama anatosheka, ndipo aamue anachohifadhi.

Nyumba yenye watoto

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame. Kijiko kimoja cha chai cha nikotini ya miligramu 100, yaani mililita 5, kina miligramu 500. Mtaalamu wa sumu Bernd Mayer wa Chuo Kikuu cha Graz, katika makala yake ya mwaka 2014 iliyopinga imani ya zamani kwamba miligramu 60 zinaua, alikadiria kuwa kiwango cha kumuua mtu mzima kinaanzia nusu gramu hadi gramu moja iliyomezwa. Nusu gramu ndiyo kijiko hicho kimoja, na hayo ni makadirio ya mtu mzima. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja katika jimbo la New York alifariki baada ya kumeza nikotini ya kimiminika, na sheria ya Marekani inayolazimisha vifuniko visivyofunguliwa na watoto ilitiwa saini Januari 2016. Nikotini hupita pia kwenye ngozi, kwa hiyo glavu na miwani ya kinga huvaliwa kila mara, dirisha huachwa wazi, na tone likianguka mkononi huoshwa papo hapo kwa maji mengi.

Friza ya familia ambayo watoto huifungua wakitafuta barafu si mahali pa chupa hii, isipokuwa ikiwa ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli. Kama huwezi kuweka kufuli, na wengi wetu tunajua kama tunaweza au la, basi njia ya pili si yako, na vimiminika vya nguvu ndogo vilivyofungwa kabatini ni hatari ndogo zaidi, ingawa navyo si salama mikononi mwa mtoto.

Vifaa: kinachodumu na kisichodumu

Vifaa vya kutupa ndivyo vibaya zaidi kuhifadhi. Betri yake imefungiwa ndani ikiwa tayari imegusana na saketi, pamba inayonyonya kimiminika imekwisha kulowa tangu kiwandani, na miezi inavyopita chaji hushuka na kimiminika huvuja. Mifumo ya podi inafuata kwa ubaya, si kwa sababu ya ubora wake bali kwa sababu podi ya mtengenezaji mmoja haiingii kwenye kifaa cha mwingine, na akiacha kuitengeneza, kifaa kizima kinakufa nayo.

Kifaa chenye tangi na koili za kiwandani, yaani waya zinazopasha kimiminika joto, kiko katikati. Koili moja hudumu wiki moja hadi mbili kwa mvutaji wa kawaida, kwa hiyo mwaka unahitaji koili kati ya 26 na 52. Zinahifadhika vizuri zikiwa kavu na zimefungwa, na kwa mtu asiyependa kushika koleo na waya hili ndilo chaguo lenye busara. Atomaiza (sehemu ya kifaa inayogeuza kimiminika kuwa mvuke) ya koili za kujitengenezea ndiyo inayomtoa mtu kwenye utumwa wa kiwanda. Waya wa Kanthal, aloi ya chuma, kromiamu na alumini, hauozi wala haupungui nguvu ukikaa. Koili moja hula takriban sentimita 10, kwa hiyo mzingo wa mita 10 hutoa koili mia moja, na pamba safi isiyopaushwa hupatikana popote. Nunua pia mipira ya kuziba na kioo cha akiba cha tangi, vitu vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka mpaka kimiminika kimwagike mfukoni.

Betri ndizo zinazoangusha mipango mingi. Kifaa chenye betri ya ndani kina tarehe ya kifo ambayo haijaandikwa, kwa kuwa betri za lithiamu huchakaa kwa matumizi na kwa umri hata zikiwa kabatini. Chagua kifaa kinachopokea betri za kubadilisha, kama zile za 18650, ambazo tarakimu zake zinaeleza upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zinatumika kwenye tochi na vifaa vingi vingine, hivyo sheria ya vepu haiwezi kuzimaliza. Zihifadhi zikiwa na chaji karibu nusu, mahali pakavu na penye ubaridi wa kiasi, kila moja kwenye kikasha chake. Betri isitembee mfukoni pamoja na funguo au sarafu, na iliyochanika ganda la plastiki isitumike mpaka ivishwe jipya. Kwa asiyejua kukokotoa ukinzani na mkondo wa umeme, ninamwomba achague kifaa chenye saketi ya kinga, si bomba la chuma lisilo na kinga yoyote, hata kama lasifiwa kwamba halina kitu cha kuharibika.

Kuacha kabla ya tarehe

Njia ya tatu hutajwa mwisho kila mara kana kwamba ni adhabu. Kwangu ina heshima yake, kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna sheria inayoweza kuivuruga. Ukweli wake mgumu uko kwenye jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2019, lililowahusisha wavutaji sigara 886. Baada ya mwaka, asilimia 18 ya waliopewa vepu walikuwa wameacha sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya waliopewa viraka vya kubandika kwenye ngozi, chingamu na bidhaa nyingine za nikotini. Lakini kati ya waliofaulu kwa vepu, asilimia 80 walikuwa bado wanaitumia mwaka mmoja baadaye, ilhali upande wa pili ni asilimia 9 tu waliokuwa bado wanatumia bidhaa zao. Vepu hututoa kwenye sigara vizuri, kisha hutushika, na ndiyo maana habari za vizuizi zinatushtua.

Anayechanganya mwenyewe ana nyenzo nzuri ya kushuka: kutoka miligramu 6 hadi 4, hadi 3, hadi 2, kwa hatua za wiki kadhaa. Mtego uliopo ni kwamba mtu anapopunguza nguvu huvuta mara nyingi na kwa pumzi ndefu zaidi bila kujua, na mwisho wa siku anakuwa amepata nikotini karibu ileile kwa mvuke mwingi zaidi. Pima mililita unazotumia kwa siku pamoja na nguvu yake. Zote mbili zikishuka, unashuka kweli.

Ambaye hachanganyi anaweza kuegemea viraka vya nikotini, vinavyopatikana kwa kawaida katika viwango vya miligramu 21, 14 na 7, pamoja na chingamu au peremende za nikotini kwa hamu ya ghafla. Kuchanganya kiraka na kimojawapo cha hivyo kumeonekana kufaulu kuliko kutumia kitu kimoja peke yake kwa wanaoacha sigara. Dawa zipo pia. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2024, lenye watu wazima 160 waliotaka kuacha vepu, lilionyesha kwamba kwa waliotumia sitisini asilimia 31.8 hawakutumia vepu katika wiki nne za mwisho za matibabu, dhidi ya asilimia 15.1 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Ni jaribio dogo, lakini linatoa sababu ya kumwona daktari ukiwa bado una muda. Faida ya kuanza mapema ni kwamba ukiteleza, duka lingali wazi, na kuteleza hakukurudishi kwenye sigara.

Magendo

Kungoja na kununua kwa wachuuzi wa siri ndiko kubaya kuliko njia zote, na sababu yake iliandikwa hospitalini. Mwaka 2019 ugonjwa mkali wa mapafu uliwakumba watumiaji wa vepu Marekani. Hadi tarehe 18 Februari 2020 kituo cha udhibiti wa magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kilikuwa kimehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki, wakiwemo 68 waliopoteza maisha. Uchunguzi ulielekeza kwenye asetati ya vitamini E iliyotiwa kwenye katriji za bangi, nyingi zikiwa zimetoka kwa wauzaji wasio rasmi. Katriji na vimiminika halali vya nikotini sivyo vilivyokuwa kiini chake, lakini anayenunua gizani hana namna ya kujua amemiminiwa nini.

Namna ya kuamua

Anayetarajia kizuizi cha ladha, na ambaye anavumilia ladha ya tumbaku au kimiminika kisicho na ladha yoyote, hahitaji akiba kubwa ya chochote. Anayetarajia kikomo cha nguvu au kufungwa kwa uagizaji, asiye na watoto nyumbani na aliye tayari kujifunza, anunue nikotini ya kuchanganyia ya miaka miwili au mitatu, atomaiza moja nzuri na betri mbili, basi. Kuzidisha hapo ni kulipia wasiwasi. Mwenye podi na chumvi ya nikotini ana kazi ya kubadili kifaa kwanza. Mwenye watoto wadogo, au anayeishi mahali ambapo rasimu inataja umiliki, aanze viraka wiki hii. Hakuna ubaya wa kuchanganya njia: mimi nina chupa chache kwenye friza yenye kufuli, na wakati huohuo ninashuka nguvu, ili akiba yangu irefuke badala ya kukimbizana na mahitaji.

Na kwa yule ambaye tayari amenunua, kisha sheria ikaja kugusa umiliki, akiba hiyo iondoke nyumbani kabla ya tarehe iliyowekwa. Nikotini isimiminwe kwenye sinki wala chooni, kwa kuwa ni sumu kwa viumbe wa majini. Ibaki kwenye chupa zake zilizofungwa na ipelekwe mahali panapopokea taka za kemikali, au uliza duka la dawa linalopokea dawa zilizopitwa na wakati. Betri zibandikwe utepe kwenye ncha zote mbili na zipelekwe panapokusanywa betri chakavu, kwa maana kwenye pipa la kawaida zinaweza kugusana na chuma na kuwasha moto ndani ya gari la taka.